Rekebisha Mwanga, Mwache Mtu

   

Leo tuzungumze habari ya picha, na hasa rangi ya picha. Nikuulize. Umewahi kupigwa picha mchana kweupe, umevaa shati lako jeupe, ukaletewa picha shati limekuwa la njano na uso umekuwa wa kijivu? Umewahi kutazama picha za harusi ya ndugu yako, ukakuta kila aliyekaa chini ya turubai ameingia ubluu, kuanzia bibi harusi mpaka mshenga? Ukamuuliza mpiga picha, akakujibu kwamba kamera ndivyo ilivyoona. Anasema kweli. Lakini si lazima picha ibaki hivyo, na kuirekebisha si kazi ya wataalamu wa Dar es Salaam peke yao. Inafanyika hapa hapa Runzewe, kwa simu ya mkononi.

Neno langu la leo ni moja, nami nitalirudia ili hata atakayefungua redio katikati alipate: rekebisha mwanga, mwache mtu. Rangi iliyoharibu picha imetoka kwenye mwanga. Ngozi ya mtu haina kosa. Kwa hiyo unapoketi kutengeneza picha, kazi yako ni kuuondoa ule mtando wa rangi ulioletwa na mwanga, halafu umwache mtu na rangi yake aliyozaliwa nayo.

Tuanze na swali la msingi. Ile njano, au ule wekundu uliotanda picha nzima, unatoka wapi?

Mwanga haukai na rangi moja siku nzima. Jua la asubuhi na la jioni lina wekundu na njano. La mchana limesawazika. Kivulini, mahali ambapo jua halifiki moja kwa moja, kinachomulika ni anga, na anga ni bluu. Ndiyo maana picha ya kivulini huingia ubluu. Balbu ya zamani ya waya hutoa njano iliyokolea. Tyubu nyingi za maofisini na madarasani hutupa ukijani. Taa ndogo za sola tunazotumia majumbani, nyingi zinaegemea bluu.

Sasa ongeza mazingira yetu. Turubai la bluu tunalolifunga kwenye harusi, kwenye mahafali na kwenye msiba: mwanga ukipenya humo unatoka umeshabeba rangi ya turubai, unawashukia watu vichwani na mabegani. Ukisimama chini ya mwembe, majani yanauchuja mwanga na kukutupia ukijani. Na udongo wetu huu mwekundu, jamani! Jua likiwa la utosini, mwanga unapiga chini, unaruka kutoka kwenye udongo, unapanda kumulika kidevu, chini ya pua na chini ya nyusi. Mtazame mtu aliyesimama uwanjani saa saba mchana, utauona wekundu ule chini ya kidevu chake. Ukuta wa matofali ya kuchoma hufanya vivyo hivyo kwenye shavu la upande wake.

Utauliza: mbona mimi nikiwa pale pale sioni hayo? Huyaoni kwa sababu macho na ubongo vinazoea haraka. Ukiingia kwenye chumba chenye balbu ya njano, baada ya muda mfupi shati jeupe unaliona jeupe. Ubongo umeshakufanyia hesabu, umeiondoa njano bila kukuambia. Kamera haina ubongo huo. Inachukua kile kilichopo, kisha inakisia.

Na hapo kwenye kukisia nataka tukae kidogo, maana ndipo wapiga picha wetu wengi wanapokwama.

Kamera ya simu, na kamera kubwa pia, ina mpango wa kusawazisha rangi yenyewe. Mpango huo kwa asili yake unajengwa juu ya dhana kwamba ukichanganya rangi zote zilizomo kwenye picha, utapata kijivu. Kwenye picha nyingi dhana hiyo inakaribia ukweli. Lakini mpige picha mtu aliyesimama kwenye uwanja wa udongo mwekundu, nyuma yake ukuta wa matofali mekundu. Kamera inaona wekundu kila mahali. Inadhani mwanga ndio mwekundu. Inafanya nini? Inaupunguza wekundu, inasukuma picha upande wa pili, kwenye ubluu na ukijani. Udongo unapooza kidogo tu, na macho yako hayagundui. Uso wa mtu ndio unaoumia. Ngozi yetu nyeusi na ya maji ya kunde ina wekundu ndani yake, na wekundu huo ndio uhai wake. Kamera ikiuondoa, uso unabaki wa kijivu, unafanana na wa mgonjwa.

Umeona ajabu hiyo? Udongo ni mwekundu, uso umepoa. Mpiga picha asiyejua anasema mteja huyu ni mweusi mno, ngoja nimng'arishe. Anaupandisha mwanga wa uso, na sasa uso umekuwa mweupe wa kijivu, mbaya kuliko mwanzo. Tatizo halikuwa giza. Tatizo lilikuwa wekundu ulioondolewa. Narudia: rekebisha mwanga, mwache mtu.

Jambo hilo hilo linatokea studio, kwenye picha za pasipoti zenye kitambaa cha bluu nyuma. Kamera inaona bluu nyingi, inadhani mwanga umeingia bluu, inaongeza njano ili kusawazisha. Uso wa mteja unatoka na njano isiyo yake. Kisha, kama mteja ameegemea kile kitambaa, mabega na masikio yanapokea ubluu wa kitambaa. Unapata mtu wa njano mbele, wa bluu pembeni. Dawa ya sehemu ya pili ni nyepesi: msogeze mteja hatua mbili mbele ya kitambaa. Dawa ya sehemu ya kwanza ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Basi tufanyeje? Tunahitaji mahali pa kuanzia pasipo na ubishi. Ninyi mlioko machimboni mnamjua mnunuzi wa dhahabu. Kabla hajaweka mzigo wako kwenye mizani, mizani inasoma sifuri, nawe unaiona kwa macho yako. Kama haisomi sifuri, hakuna gramu itakayokuwa ya kweli. Picha nayo ina sifuri yake. Sifuri ya rangi ni kitu ambacho hakina rangi: cheupe, cheusi, au kijivu. Kitu cha namna hiyo, kwenye picha iliyo sawa, kina kiasi kile kile cha nyekundu, cha kijani na cha bluu. Kimoja kikizidi, umeupata mtando wako, na umejua ni wa rangi gani.

Kwa nini nyekundu, kijani na bluu? Kwa sababu kila picha ya rangi unayoiona kwenye simu ni picha tatu zilizopandana: moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya bluu. Mwanasayansi James Clerk Maxwell alilionyesha jambo hili mbele ya watu kule London mwaka 1861. Utepe wa rangi ulipigwa picha mara tatu kupitia vichujio vya rangi hizo tatu, kisha picha zikamulikwa kwa pamoja, moja juu ya nyingine, na rangi za utepe zikaonekana. Simu iliyo mfukoni mwako inafuata njia hiyo hiyo. Kila moja ya picha hizo tatu tunaiita chaneli. Kila nukta ya picha ina namba tatu, moja kwa kila chaneli, kuanzia 0 ambayo ni giza tupu hadi 255 ambayo ni mwanga wa mwisho.

Sasa tunafika kwenye chombo chenyewe. Kinaitwa kevu. Kipo kwenye Photoshop, kipo kwenye GIMP ambayo ni programu ya bure ya kompyuta, na kipo kwenye Snapseed ambayo ni ya bure kwenye simu. Ukikifungua unaona mraba, na ndani yake mstari wa mshazari unaoanzia kona ya chini kushoto kupanda hadi kona ya juu kulia. Wengi wakiuona mstari ule wanafunga na kukimbilia filta. Usikimbie, sikiliza.

Upande wa chini kushoto wa mstari ni sehemu za giza za picha: nywele, viatu vyeusi, kivuli chini ya meza. Katikati ni sehemu za wastani, na nyuso nyingi zinakaa kati ya hapo na kushuka chini kidogo. Juu kulia ni sehemu zenye mwanga: shati jeupe, shela, anga. Ukiugusa mstari mahali fulani na kuuinua, sehemu za picha zenye mwanga wa kiasi hicho zinaongezeka mwanga. Ukiushusha, zinapungua. Mstari unapindika, na ndiyo kevu yenyewe.

Ukiwa kwenye kevu ya jumla, unabadilisha hasa mwanga na giza. Ukiingia kwenye chaneli moja moja, hapo ndipo unaposhika rangi. Na kila chaneli ina mpinzani wake. Sikiliza vizuri hapa, kama una kalamu andika. Chaneli ya bluu: ukiinua unaongeza bluu, ukishusha unaongeza njano. Chaneli ya nyekundu: ukiinua unaongeza nyekundu, ukishusha unaongeza siani, yaani ule ubluu unaoelekea kijani. Chaneli ya kijani: ukiinua unaongeza kijani, ukishusha unaongeza majenta, ule wekundu wa zambarau. Narudia kwa kifupi: bluu na njano, nyekundu na siani, kijani na majenta. Ukilishika hilo, nusu ya kazi umemaliza.

Tuchukue mfano mmoja, tuufuate mpaka mwisho. Mama amekuja na binti yake anayeanza kidato cha kwanza, anataka picha ya kumbukumbu. Mmepigia ndani, jioni, chini ya balbu ya njano. Kabla ya kupiga, umempa binti karatasi nyeupe aishike kifuani kwa picha moja tu, kisha ukaendelea na picha nyingine bila karatasi, mahali pale pale, mwanga ule ule. Karatasi hiyo ndiyo sifuri yako.

Unafungua picha yenye karatasi kwenye kompyuta. Unachukua kile chombo cha kuchotea rangi, chenye umbo la kitonesheo cha dawa ya macho, unagusa karatasi. Namba zinasema: nyekundu 230, kijani 215, bluu 185. Unaona? Karatasi ni nyeupe, ilipaswa kuwa na namba zinazolingana. Nyekundu imezidi, bluu imepungua. Nyekundu ikizidi na bluu ikipungua, unapata njano yenye wekundu. Ndiyo balbu hiyo.

Unafungua kevu. Unaingia chaneli ya bluu, unaweka nukta kwenye mstari pale kwenye 185, unaiinua hadi 215. Unaingia chaneli ya nyekundu, unaweka nukta kwenye 230, unaishusha hadi 215. Kijani umeiacha ilivyo. Tazama karatasi: imekuwa nyeupe. Tazama shati la binti, kisha uso wake. Hukuugusa uso hata mara moja, lakini umerudi. Ule wekundu wa kawaida wa ngozi upo, macho yana weupe wake, midomo ina rangi yake.

Usiishie hapo. Tazama na sehemu za giza. Sakafu ya saruji kwenye kona yenye kivuli ni kijivu. Iguse kwa chombo kile. Kama sasa namba zinasema bluu imezidi wenzake, maana yake ulipoinua bluu juu, mstari mzima ulipanda na kivuli kikaingia ubluu. Rudi chaneli ya bluu, weka nukta ya pili kwenye sehemu ya chini ya mstari, ishushe kidogo mpaka saruji itulie. Mwanga umerekebishwa kwa namna yake, kivuli kwa namna yake. Hiyo ndiyo sababu naipenda kevu kuliko kile kitufe cha kusogeza cha joto na baridi. Kitufe kile kinasukuma picha nzima upande mmoja. Kevu inakuruhusu kusema: njano hii iko kwenye mwanga tu, vivuli havina tatizo, niviache.

Kisha hifadhi kevu hiyo na uitumie kwenye picha nyingine zote ulizopiga mahali pale. Picha moja ya karatasi inakuokolea kazi ya jioni nzima.

Mwenye simu tu, bila kompyuta, afanye nini? Kwenye Snapseed kuna kifaa cha mizani ya nyeupe chenye kitonesheo kama hicho. Kielekeze kwenye karatasi kwanza, kitakufikisha karibu. Kisha ingia kwenye kevu, chagua chaneli, umalizie taratibu. Namba huzioni, kwa hiyo unategemea macho, na macho tumeshasema yanazoea. Ukitazama picha ya njano kwa dakika chache utaanza kuiona iko sawa. Kila baada ya muda toa macho kwenye simu, tazama nje, tazama kitu cheupe, kisha rudi. Na jambo dogo ambalo wengi hawalijui: zima ile hali ya kukinga macho ambayo hubadili kioo cha simu kuwa cha njano usiku. Ukiiacha, utakuwa unaongeza bluu kupigana na njano ya kioo chako mwenyewe, na asubuhi utakuta picha zote ni za bluu.

Sasa neno la tahadhari juu ya hicho kitu cheupe. Mashati ya shule ni meupe, lakini kina mama tunafua kwa bluu ili yang'ae. Shati lililofuliwa kwa bluu si jeupe kamili, lina ubluu wake. Ukilifanya kuwa sifuri yako, utaongeza njano kwenye uso wa mtoto. Na shati lililofuliwa kwa maji yenye udongo lina wekundu. Saruji kavu ni kijivu kizuri kuliko mashati mengi. Karatasi isiyo na mistari inatosha. Kadi maalumu ya kijivu inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya picha. Mwenye studio anayeishi kwa kazi hii ningemshauri ainunue.

Na kevu ina mipaka yake, lazima tuseme ukweli. Kevu inafanya kazi kwa kiasi cha mwanga, haijui mahali. Kama shavu la kushoto linamulikwa na dirisha na la kulia linamulikwa na balbu, ukirekebisha moja unaharibu la pili. Wekundu wa udongo chini ya kidevu nao ni hivyo hivyo, uko sehemu moja tu ya uso. Hapo inabidi upake marekebisho kwa brashi kwenye eneo linalohusika, au, bora zaidi, uzime balbu kabla ya kupiga, au umsogeze mtu kutoka kwenye udongo umsimamishe kwenye sakafu ya saruji barazani. Na kama mwanga ulizidi mpaka namba ya chaneli ikagonga 255, hapo hakuna cha kurudisha. Habari iliyopotea imepotea.

Tena si kila mtando ni wa kuondoa. Kiangazi, vumbi likiwa limetanda, jua la jioni linashuka jekundu nyuma ya malori yanayoelekea Rusumo. Ukiifanya picha hiyo ikawa nyeupe ya saa sita mchana, umefuta jioni yenyewe. Punguza kidogo kama nyuso zimezidi kuwaka, kisha acha.

Ndugu msikilizaji, nimefika mahali ambapo moyo wangu upo. Tuzungumze juu ya ngozi.

Zamani, picha za filamu zilipokuwa zikipelekwa mjini kusafishwa, rangi aliiamua mtu wa maabara, na huyo naye alikuwa na kipimo alichopewa. Kampuni ya Kodak ya Marekani, kuanzia miaka ya 1950, ilikuwa ikisambaza kwenye maabara kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo zikaitwa za Shirley, kwa jina la Shirley Page, mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha ya kwanza. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine imepangwa vizuri. Na ngozi nyeusi? Kwa miaka mingi haikuwamo kwenye kadi. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada alichapisha utafiti wake juu ya habari hii mwaka 2009. Anaeleza kwamba waliosukuma filamu iboreshwe kwenye rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri. Chokoleti na makabati vilisikilizwa kabla ya nyuso za watu.

Leo hakuna kadi ya Shirley Runzewe. Kipimo kiko mikononi mwa kijana wa studio, mwenye simu yake na kompyuta yake. Kwa hiyo inaniuma ninapoona kijana huyo, mwenye ngozi ile ile ya mteja wake, anafungua picha na jambo la kwanza analofanya ni kumpaka mtu weupe. Filta inalainisha, inang'arisha, inapausha. Bibi wa miaka sabini anatoka hana kunyanzi wala rangi. Mtoto hafanani na baba yake aliyesimama naye.

Utaniambia, wateja wenyewe ndio wanaotaka. Wapo, nakubali. Lakini wengi wanaosema nifanye mweupe, ukiwauliza vizuri, wanachokikataa ni ule ukijivu na lile giza ambalo kamera imewaletea. Hawajawahi kuonyeshwa rangi yao ikiwa sawa. Ondoa mtando kwanza kwa chaneli. Kisha, kama uso bado umefichwa na giza, nenda kwenye kevu ya jumla, gusa sehemu iliyo chini ya katikati, inua kidogo sana, mpaka macho na mashavu yaonekane. Simama hapo. Kuleta mwanga ili mtu aonekane ni halali kabisa. Kumbadilisha rangi ni jambo lingine.

Na kuna njia ya kujikagua. Gusa shavu la mtu kwa kile chombo cha kuchotea rangi, mahali pasipong'aa. Kwenye ngozi ya binadamu, iwe nyeusi tii, iwe maji ya kunde, iwe ya mzungu, nyekundu huwa juu, kijani hufuata, bluu huwa chini. Tofauti kati yake inabadilika kutoka mtu hadi mtu, lakini mpangilio huo kwa kawaida haubadiliki. Ukikuta bluu imeipita kijani, mtando haujaisha. Ukikuta namba tatu zinakaribia kulingana kabisa, umemfanya mtu wa saruji. Rudi nyuma.

Nimalizie na ninyi wachimbaji, kwa kifupi, maana mnatumia picha kuliko mnavyodhani. Mnapiga picha jiwe lililotoka duarani, yaani shimoni, mnamtumia mtu Kahama au Geita kwa simu. Chini ya balbu ya njano, kila kinachometa kwenye mwamba kinaonekana dhahabu. Kivulini chini ya turubai, hata dhahabu inapooza. Weka karatasi nyeupe pembeni ya jiwe, piga nje kwenye mwanga wa mchana, na umwambie unayemtumia asiiamini picha kabla hajaona karatasi ni nyeupe. Kipimo cha dhahabu ni cha vifaa vya sokoni, si cha picha. Lakini angalau picha isimdanganye mtu akapanda basi bure.

Na ninyi wapiga picha wa Runzewe, wa stendi, wa studio, wa harusi na wa mahafali, ombi langu ni hili. Picha ya asili usiifute wala usihifadhi nyingine juu yake. Fanya marekebisho kwenye nakala. Tembea na karatasi nyeupe kwenye begi la kamera. Na kabla hujamkabidhi mteja picha yake, mwite asimame mlangoni kwenye mwanga wa mchana, ishike picha kando ya uso wake, mtazame wote wawili. Kama rangi hazifanani, rudi kwenye kevu kabla hujapokea hela yake.